Nani Anamtafutia Mama Makao?

Tangazo lilitokea Jumapili mchana, mchungaji akiwa ameshika paja la kuku mkononi.

Aukuso alikuwa amewasha televisheni ili wapate nyimbo za kwaya wakati wa kula, kama walivyozoea kila baada ya ibada. Kabla kwaya haijafungua kinywa, akajitokeza mwanamke mwenye mvi na tabasamu, ameketi bustanini kwenye kiti cha magurudumu, na sauti laini ikasema: "Je, umefika wakati wa kumtafutia mama makao mapya? Tuko karibu nawe, hapa hapa mjini Logan."

Litara, mke wa Aukuso, alikuwa akimwekea mchungaji magimbi. Kijiko kikasita hewani. Mama mkwe wake, Fuatino, ambaye tangu alipoanguka bafuni hakuweza tena kukaa mkekani, aliketi kwenye kiti chake chenye mito akiendelea kutafuna kana kwamba hakusikia. Wimbo ukaanza, ukaisha. Yule mwanamke mwenye mvi akarudi.

"Huyu bibi naye kaja kula?" akauliza mchungaji, na watu wote wakacheka, wakashukuru kupata cha kucheka.

Sosefina hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa Aukuso, aliyekuja kutoka mtaa wa Inala na sufuria lake la nyama ya kopo, na kwao dada akizungumza kaka hunyamaza.

"Simu yangu mimi inaniletea viatu," alisema. "Viatu, viatu, viatu, kwa sababu natafuta viatu. Mambo haya hayaji bure. Unachokitafuta ndicho kinachokufuata. Hii televisheni ya nani?"

"Ya nyumba," alijibu Aukuso.

"Imefunguliwa kwa jina la nani?"

Pembeni mwa kioo, juu, palikuwa na kiduara chenye picha ndogo ya Litara akicheka, ua sikioni. Hakuna aliyehitaji kukionyesha. Macho yote yalikwenda pale, kisha yakamrudia mwenyewe na kijiko chake.

"Wifi," alisema Sosefina kwa sauti ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele, "unamtafutia mama yetu makao?"

"Sijatafuta kitu mimi."

"Lisemwalo lipo."

"Hiyo televisheni haina adabu," alisema Fuatino. "Aukuso, zima. Mchungaji, hujashiba wewe. Ongeza kuku."

Televisheni ikazimwa. Walimaliza kula wakisikilizana kutafuna.

*

Jioni Litara alisugua masufuria mpaka vidole vikamuuma. Aukuso alisimama mlangoni mwa jikoni, taulo begani, hakulitumia kukaushia chochote.

"Niambie tu," alisema. "Sitakasirika."

"Nikuambie nini?"

"Kama umechoka, niambie. Usiniache nikaaibika mbele ya mchungaji."

"Wewe ndiye umeaibika?" Litara aligeuka, povu likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Picha ya nani ile iliyokuwa pale juu?"

"Ndiyo maana nauliza."

Litara aliyarudia masufuria, kwa kuwa jambo moja lilikuwa kweli. Alikuwa amewaza. Asubuhi moja, ameinama juu ya beseni akimsugua mama mkwe mgongo, kiuno kikimchoma kama kisu, aliwaza: kuna watu hulipwa kufanya kazi hii. Aliwaza, akaona haya, akaendelea kusugua. Hakumwambia mtu, hakuandika popote. Na sasa tangazo limekuja na uso wake.

Wiki ile lilimfuata kila mahali. Alifungua mapishi, lilikuwapo. Alifungua hali ya hewa, lilikuwapo: Mama anastahili mapumziko. Kwenye shule alikokuwa akifanya usafi, mwenzake alichungulia simu yake akasema, "Pole, mama mkwe hali mbaya eh?" Kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, wanawake waliokuwa wakimpa vifurushi vya keki ampelekee Fuatino walimkabidhi Sosefina mbele ya macho yake. "Wewe pumzika, Litara," mmoja alimwambia, akimpokonya ufagio. "Una mengi."

Alianza kuigeuza simu kifudifudi mezani, kama mtu anayeficha karata mbaya. Lililomtisha zaidi hakumwambia hata Aukuso. Aliogopa kwamba simu ilikuwa imesoma moyo wake.

*

Alhamisi alipotoka kazini alipita maktaba, kwa kuwa aliona bango la msaada wa bure wa simu na kompyuta. Nyuma ya meza alikuwapo mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, aliyejitaja kwa jina la Roslyn. Litara alikaa, akaiweka simu kwenye meza, akatazama kwanza kama kuna mtu wa kanisani.

"Nina swali la kijinga."

"Hayo ndiyo tunayoyapenda."

"Simu inaweza kujua jambo ambalo mtu amewaza tu? Hajaandika. Hajasema. Amewaza."

Roslyn hakucheka. "Hapana," alisema. "Wenye matangazo wangependa, lakini hapana. Kuna mtu ametafuta kwa vidole."

Litara alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Roslyn alimweleza pole pole. Tovuti ukiingia, inakubandika kialama ndani ya simu, wewe huhisi kitu. Ukienda tovuti ya pili, ya mapishi tuseme, mle ndani wamejificha watu wale wale wa matangazo. Wanakiona kialama chao wanasema, ahaa, ndiye huyu aliyekuwa akitazama makao ya wazee asubuhi. "Sura yako hawaijui, na hawana haja nayo. Wanajua unachokitaka."

"Lakini mimi sikutaka."

"Akaunti yako iko wapi na wapi? Kwa sababu ukiifungua kwenye simu na kwenye televisheni, kwao huyo ni mtu mmoja. Na wengine hutazama hata intaneti ya nyumba. Mmoja anatafuta chumbani, tangazo linamtokea mwingine jikoni." Alimgeuzia kioo. "Kile kisanduku kinachokuuliza kama unakubali kufuatiliwa, huwa unabonyeza wapi?"

"Kubali. Si ndipo kiondoke?"

"Kila mtu ananijibu hivyo hivyo."

Alimwonyesha mahali pa kufutia vialama na kumbukumbu za utafutaji, mahali pa kukataa matangazo yanayomlenga mtu, na kivinjari kingine cha kufungulia tovuti kinachowazuia wafuatiliaji mlangoni. Litara alirudia kila hatua kwa mkono wake mwenyewe mpaka akaiweza.

"Safisha simu zote na televisheni," Roslyn alimwambia wakiagana. "Yakirudi, basi nyumbani kwako kuna mtu bado anatafuta."

*

"Nipe simu yako," Litara alimwambia mumewe.

"Ya nini?"

"Niisafishe."

"Simu yangu si sufuria."

"Aukuso, kama ni wewe unayetafuta, sema. Sitakasirika." Alimrudishia maneno yake yale yale, akaona yanavyomwingia.

Aukuso aliinuka. Alikuwa mtu wa kubeba maboksi ya nyama kwenye ghala la baridi, mwenye mabega ya kuziba mlango, lakini uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepigwa bila kosa. "Mimi? Nimtupe mama yangu?"

"Na mimi ndiye ninayeweza kumtupa? Mimi ninayemkata kucha?"

Aukuso aliirusha simu kitandani, akatoka nje akawa anaosha gari lililokuwa safi. Litara aliifungua. Mlikuwa na raga, mafundi wa gari na video za watu wanaovua samaki. Alisafisha, akasafisha yake, akaenda sebuleni akaiondoa picha yake kwenye televisheni. Siku zilizofuata kioo kilitulia. Likaja tangazo la sabuni, Litara akalitazama mpaka mwisho kwa furaha.

Kisha Ijumaa ya wiki iliyofuata, jioni, Aukuso akaja jikoni, ameinyoosha simu mbele yake kama mtu aliyeokota nyoka. Mwanamke mwenye mvi alikuwa akitabasamu mle ndani.

"Ulisafisha nini sasa?"

Litara alikuwa anahesabu kichwani vyombo vyote vya nyumba vyenye intaneti.

"Dada anakuja kesho," alisema Aukuso. "Na mchungaji. Anataka tukae kikao."

"Na wewe umekubali?"

"Ni dada yangu, Litara. Ningesemaje?"

*

Krismasi iliyopita walimnunulia Fuatino tableti, acheze karata na kusikiliza nyimbo za nyumbani, kisiwani Savai'i walikotoka. Mzee hakuwa na akaunti, naye Litara, mikono ikiwa na unga, aliingiza ya kwake ili mambo yaishe.

Sasa aliusukuma mlango wa chumba cha mzee bila kubisha hodi. Fuatino alikuwa ameupa mlango mgongo, miwani puani, kidole kikipanda na kushuka juu ya kioo. Ilikuwa ile bustani, na kile kiti cha magurudumu.

"Mama."

Fuatino akaifunika tableti kwa kanga yake ya kiunoni, kama msichana aliyekutwa na barua. "Siku hizi hupigi hodi?"

"Ni wewe."

Mzee aliutazama mlango uliokuwa wazi. Kisha akapapasa kitanda. "Funga mlango. Kaa."

Litara akakaa. Alitaka kulia na alitaka kupiga kelele, akashindwa achague lipi.

"Siku nilipoanguka ulikuwa kazini," alisema Fuatino. "Nilikuwa naoga. Nilimwita Mungu, akaja Aukuso. Alinifunika taulo, lakini mtoto alikuwa ameshaniona. Alininyanyua hivyo hivyo nilivyo." Alikuwa akiongea na mikono yake. "Umeona anavyonisalimia tangu siku ile? Ananiamkia anatazama dirisha. Mwanangu ananiamkia anatazama dirisha."

"Hakuniambia."

"Angekuambia vipi? Na wewe mgongo wako nausikia, ukiinama unalia kama bawaba. Nataka niogeshwe na mtu baki. Alipwe, aniogeshe, aende kwake asahau. Basi. Nilikuwa natazama tu, mtu hata sokoni hutazama bila kununua."

"Mama, kutazama kwako kumenitia mdomoni mwa kanisa zima!"

Fuatino alivua miwani. "Kwako kumefikaje? Mimi nimetazama humu, ndani ya kitu hiki, mlango umefungwa."

Litara alimweleza kama alivyoelezwa: vialama, akaunti, intaneti ya nyumba. Mzee alisikiliza, uso ukizidi kukunjamana.

"Kwa hiyo lile tangazo la Jumapili lilikuwa langu?"

"Lako."

"Mimi nilidhani ni lako." Aliitazama tableti kama mtu aliyegundua kwamba rafiki aliyempa siri ni mtangazaji wa redio. "Nilipomwona yule mwanamke nikasema moyoni, kumbe na Litara anatafuta. Kumbe amechoka. Iliniuma. Halafu nikasema, si neno, angalau tuko wawili. Ndiyo maana nikamwambia mchungaji ale kuku."

Litara alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Fuatino akampa ncha ya kanga ajifute.

"Kesho usiseme," alisema mzee. "Aukuso akisikia kwa watu atadhani namkimbia. Jambo hili halijaiva bado. Likiiva nitalisema kwa mdomo wangu."

"Kesho watanichuna ngozi, mama."

"Najua, mwanangu."

Ndilo jibu pekee alilopewa.

*

Sosefina aliketi wima mkekani, mkoba mapajani, mchungaji pembeni yake. Aukuso aliinamisha kichwa. Fuatino alikuwa kwenye kiti chake, macho amefumba, ungedhani amelala.

"Sikuja kugombana," alianza Sosefina. "Mchungaji shahidi. Nimekuja kuuliza. Sisi si wazungu, hatuweki mama kwenye nyumba za watu kama koti la baridi. Wifi, kama kazi imekushinda, sema. Mimi nitamchukua."

"Utamweka wapi, dada?" Aukuso alinong'ona. "Nyumba yako ina ngazi."

"Nimekuuliza wewe?"

Aukuso akarudisha macho mkekani.

"Mimi sijatafuta makao," alisema Litara.

"Basi nani?"

Litara alimtazama Fuatino. Kope za mzee hazikutikisika. Chumba kizima kilikuwa kinangoja, na neno moja tu, jina moja tu, lilitosha kumtua mzigo. Alilisikia likimpanda kooni. Akalimeza.

"Sijui cha kukwambia."

"Unaona?" Sosefina alimgeukia mchungaji. "Mtu msafi hajifichi. Mimi hata leo chukua simu yangu, sina la kuficha."

"Vizuri," alisema Litara.

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Alichomoa simu kiunoni, akaifungua, akaiweka katikati ya mkeka, kioo juu.

"Hiyo yangu. Tuziweke zote hapa, za kila mtu, zimefunguliwa. Tusome nani alitafuta nini mwezi huu. Si makao tu, vyote. Dada, anza wewe. Umesema huna la kuficha."

Hakuna aliyesogea. Vidole vya Sosefina vilifunga mkoba, vikaukaza juu ya tumbo lake. Kulikuwa na nini mle? Hakuna aliyejua wala aliyekuja kujua, lakini viatu havimfanyi mtu akauke namna ile. Aukuso aliikalia simu yake. Hata mchungaji, mtu wa Mungu, mkono ulimwendea mfukoni, ukatulia humo.

"Huu sasa ni utovu wa heshima," alisema Sosefina, lakini sauti ilikuwa imepungua makali.

"Ni kweli, dada. Nami ulinifanyia utovu huo huo mbele ya sahani ya chakula."

"Mwacheni," alisema Fuatino.

Alikuwa amefumbua macho. Aliivuta tableti kutoka chini ya mto, hakuiweka mkekani, aliikumbatia tu kifuani.

"Ni mimi niliyetafuta. Litara alijua tangu jana, nikamkataza kusema, akanisitiri. Ninyi mnajua kusitiri mtu?"

"Mama!" Sosefina alishika mdomo.

Aukuso aliinua kichwa, akamtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bafuni. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Uliniokota ukaninyanyua, Mungu akubariki. Lakini mama hatakiwi kunyanyuliwa vile na mwanawe. Wewe unajua, mimi najua. Ndiyo maana unatazama dirisha."

Aukuso alitambaa mkekani na ule mwili wake wote, akaweka paji la uso kwenye goti la mama yake, akakaa hivyo. Mchungaji alitazama dari. Kwa mara ya kwanza tangu afahamiane na familia ile hakupendekeza waombe.

"Kwa hiyo unahama, mama?" Sosefina aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Sijaamua. Nilikuwa natazama. Nyinyi mmekuja kunihamisha kabla sijamaliza kutazama."

*

Fuatino hakuhama. Baridi ilipoingia alianza kuja mwanamke mmoja wa kulipwa, mnene, asiyependa maneno, akimwogesha asubuhi na kuondoka kabla maji hayajakauka sakafuni. Fuatino hakutaka kujua habari za watoto wa huyo mwanamke, wala hakumpa habari za wa kwake. Kanisani vifurushi vya keki vilirudi mikononi mwa Litara bila neno la samahani. Sosefina alikaa majuma kadhaa bila kuja Jumapili. Alipokuja, alileta sufuria kubwa kuliko siku zote, na mkoba wake aliuacha kwenye gari.

Siku moja Fuatino, amekwisha kuogeshwa, nywele zikinukia mafuta ya nazi, alimwita mkwewe chumbani, tableti mapajani.

"Kifungue upya kitu hiki. Nataka kisinifuate."

Litara aliondoa akaunti yake, akamfungulia mzee ya kwake, kwa jina la uongo alilolichagua mwenyewe akicheka. Aliweka kivinjari kile cha Roslyn, akamfundisha kidole kiende wapi kila kisanduku kikiuliza kama anakubali. "Hapa, mama. Kataa. Na ukimaliza, funga hivi, kila ulichokitazama kinafutika."

"Kinafutika kabisa?"

"Humu ndani, ndiyo. Wenye tovuti bado watajua kuna mtu amepita. Ila hawatakufuata mpaka sebuleni."

Fuatino aliijaribu mwenyewe, akakosea, akarudia, akapata. Kisha kidole kikatulia juu ya kioo cheupe, hakikuandika kitu.

"Unataka kutafuta nini, mama?"

Mzee alimtazama juu ya miwani.

"Hao wa matangazo hawatajua?"

"Watahangaika sana."

"Na Aukuso?"

"Hatajua."

"Na wewe?"

Litara alitamani sana kujua. Aliinuka kitandani, akakinyoosha kiuno chake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.

Kisha akasikia, kutoka upande wa pili, kidole kimoja cha kizee kikianza kugonga kioo, herufi baada ya herufi. Akaenda jikoni, akafungulia bomba kwa nguvu, asisikie hata hicho.